Nyuzi Zisizo na Kosa

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Chiriku alifagia nywele. Kinyozi alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, na kibanda chake kilijulikana mtaa mzima kwa kelele. Mjomba hakuwa mtu wa kuzungumza; alitangaza. Akikuuliza unataka kunyolewa vipi, mtu wa ng'ambo ya barabara angeweza kukujibia. Wateja walimcheka na kumpenda, wakasema huyu bwana ameumbwa na furaha. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aliyeshika kichwa cha mteja mikononi mwake apaze sauti kiasi hicho.

Chiriku mwenyewe, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Alifagia huku anapiga porojo, akamimina nywele kwenye pipa, kisha akafungua mlango wa stoo ya nyuma. Hapo ndipo Jumamosi yake ilipoanzia hasa.

Stoo ile haikuwa na dirisha. Ndani mlikuwa na dramu, amplifaya kuukuu iliyofungwa kwa utepe mweusi, na spika mbili ndefu kama makabati. Wapigaji walikuwa watu wa kazi zao, waliopiga muziki kwa mapenzi tu. Fundi pikipiki alipiga dramu, dereva wa lori alipiga gitaa, na mjomba aliimba. Zamani mjomba ndiye aliyepiga gitaa la besi, lile lenye nyuzi nne nene ambalo wengi hawalisikii mpaka linyamaze. Lakini alipoona vidole vya mpwa wake, alimwachia. Sasa Chiriku alisimama pembeni ya spika, matoazi ya dramu yakiwa usawa wa sikio lake, na kwa mdundo wake aliwashika wote wasitawanyike. Wakubwa walimsubiri yeye ndipo waanze. Kwa mtoto wa umri wake, hicho si cheo kidogo.

Siku alipoanza kujifunza, mama yake, ambaye ni mshonaji, alitoa sharti moja tu. Alimwekea mkononi vizibo vya masikio vya sponji.

"Bila hivi hakuna gitaa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Hawakuelewana hata kidogo. Fundi pikipiki alipoviona vizibo vile alicheka mpaka akaangusha vijiti vyake. "Huyu amekuja kupiga muziki au kulala?" Chiriku aliona aibu, akamtazama mjomba amtetee. Mjomba akavichukua, akavipima kwa macho, akamtumbukizia mfukoni.

"Vizibo ni vya majirani," alitangaza. "Sisi wenye muziki masikio yetu yamekomaa."

Basi ikawa hivyo. Mama akipita kibandani, Chiriku alivipachika haraka haraka. Akiondoka, vilirudi mfukoni. Mjomba na mpwa walikonyezana, wakajiona wajanja kuliko watu wote.

Mwanzoni Chiriku alirudi nyumbani na mlio mwembamba masikioni, nyiii, kama mbu aliyefungiwa kichwani. Akamweleza mjomba.

"Hiyo ni kawaida," mjomba alisema. "Ukilala inaondoka."

"Na wewe unayo?"

Mjomba aligeuka kuzungusha kitufe cha amplifaya. Chiriku akadhani hakumsikia.

Kweli, alipolala uliondoka. Baadaye ukawa unachelewa kuondoka. Mwaka wa pili ulihamia moja kwa moja, naye akauzoea kama mtu anavyozoea mpangaji mkorofi. Hakumwambia mama. Angemwambiaje bila kueleza vizibo vinakaa wapi?

Shuleni wenzake walianza kumsema. Walimwita kutoka nyuma, asigeuke. Walimnong'oneza utani darasani, akabaki kukodoa macho. "Tangu aanze kupiga na wakubwa anajidai," walisema. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele akidhani ni utoro wa mawazo. Chiriku, ambaye zamani hakuna aliyeweza kumnyamazisha, akaanza kunyamaza mwenyewe, maana kuuliza "Ati?" kila mara kunachosha.

Kisha nyuzi zikafa. Angalau ndivyo alivyoona yeye. Uzi mpya wa besi hulia kwa ukali unaong'aa. Uzi uliochoka hutoa mlio mzito tu, kama kugonga godoro. Chiriku alipiga, akapiga tena.

"Mjomba, hizi zimekufa."

Mjomba alipandisha amplifaya hadi sauti ya juu, akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. "Zimekufa kabisa," alikubali. "Leta sufuria."

Wapigaji wasio na nyuzi za akiba wana ujanja wao. Huzivua nyuzi kwenye gitaa, wakazichemsha, mafuta na uchafu wa vidole vikatoka, kisha wakazikausha kwa kitambaa. Zikirudi huwa na nguvu mpya kwa muda. Chiriku alichukua sufuria ya mama bila kuomba, nyuzi zikachemka zimejikunja kama tambi, na maji yakawa meusi. Wakazikausha, wakazifunga. Bado godoro.

"Ongeza sauti," alisema mjomba. Wakaongeza. Dereva wa lori alikunja uso, lakini hakusema kitu. Nani abishane na mwenye stoo?

Mjomba alinunua nyuzi mpya. Nazo zikalia godoro. Hapo ndipo hasira ilipompanda. Alimshika mpwa wake mkono hadi kwenye duka la vyombo vya muziki, akazibwaga nyuzi juu ya meza.

"Umetuuzia nyuzi zilizooza!"

Muuza duka, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alizichukua. Alizifunga kwenye gitaa la dukani, akapiga uzi mmoja, akauacha ulie mpaka ukaisha. "Kinyozi, nyuzi hizi ni mpya. Zinalia kama kengele."

"Kengele ipi? Unatuona viziwi?"

"Mimi nimesema zinalia."

"Mwizi wewe!" mjomba alinguruma. Wateja waliokuwa wakichagua filimbi waligeuka. "Mwizi, tena mbele ya mtoto! Chiriku, mwambie."

Chiriku alimtazama yule mama aliyemwachia mara nyingi ajaribu magitaa asiyoweza kuyanunua. Kisha akatazama nyuzi. "Zimekufa," alisema. "Hata mimi nimesikia."

Muuza duka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitoa nyuzi nyingine, akazisukuma mezani. Wateja wale waliziacha filimbi, wakatoka.

Jumamosi iliyofuata mama alikuja kibandani kuleta mashuka ya wateja aliyoyashona. Alimkuta Chiriku ameketi kwenye kiti cha kunyolea, anapiga nyuzi zile mpya pasipo amplifaya, mjomba amesimama mbele yake, wote wawili nyuso zimesawijika. Fundi pikipiki na dereva walikuwa mlangoni wakisubiri.

"Hata hizi," Chiriku alisema kwa uchungu. "Hata hizi, mjomba."

"Hata hizi nini?" mama aliuliza. "Mbona zinalia vizuri? Tena huo ukali unanichoma meno."

"Dada, wewe hujui muziki," mjomba alitangaza.

Mama aliwatazama wale wawili mlangoni. "Nanyi mnasikiaje?"

Fundi pikipiki alijikuna shingo. "Mimi pia nasikia zinalia. Nilidhani labda sijui."

"Hata za mwanzo zilikuwa zinalia," dereva aliongeza polepole, kama mtu anayeungama. "Niliogopa kubisha."

Alikuwa na kikopo cha pini mfukoni, asichoachana nacho hata akienda sokoni. Alikwenda kusimama nyuma ya kaka yake na binti yake, akakitikisa kidogo, kwa ncha za vidole. Fundi pikipiki aligeuka. Dereva aligeuka. Mteja aliyekuwa akisinzia kwenye benchi alifumbua macho. Chiriku na mjomba waliendelea kuzitazama nyuzi.

Mama akakitikisa tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna kitu. Alipokuja mbele yao machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Chiriku, vizibo nilivyokupa viko wapi?"

Chiriku aliingiza mkono mfukoni, akavitoa. Vilikuwa safi kama vilivyotoka dukani.

Hospitali walipimwa mmoja mmoja ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti. Unavaa hedifoni masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Chiriku alisubiri mlio unaofuata. Alisubiri, akasubiri, kidole kiko tayari. Kupitia kioo alimwona daktari akiandika, na akaelewa kwamba milio ilikuwa inakuja na kupita.

"Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti," daktari aliwaeleza, akiwaelekea uso na kutamka taratibu. "Kelele kubwa huvilaza. Vikilazwa mara moja huinuka. Vikilazwa kila siku hufa, na zile sauti nyembamba za juu ndizo zinazopotea kwanza. Ndiyo maana mliona nyuzi zimekufa."

"Vitaota tena?" mjomba aliuliza.

"Hapana, kinyozi. Hivi siyo kama nywele unazonyoa wewe."

"Na huu mlio?" Chiriku aliuliza.

"Unaweza kupungua, unaweza kubaki. Nisikudanganye. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni kingi, na unaweza kukilinda ukianza leo. Ila mjomba wako hali yake ni mbaya zaidi. Yeye atahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia."

Nje ya hospitali mama alisimama katikati ya njia, watu wakampita huku na huku. "Kaka," alisema, "nilikukabidhi mtoto mwenye masikio mawili."

Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alizungumza kwa sauti ndogo. "Najua."

"Ulijua tangu lini?" Chiriku alimgeukia. "Siku ile nilipokuuliza kama na wewe una mlio, ulinisikia?"

Mjomba alitazama chini. "Nilikusikia. Wangu ulianza hujazaliwa. Ningekubali kwamba wako ni ugonjwa, ningelazimika kukubali na wangu. Na nilitaka uendelee kupiga."

Chiriku alitembea mbele yao njia nzima. Alikuwa na hasira na mjomba, na alikuwa na hasira na yule msichana mjanja aliyekuwa akikonyeza. Hakujua ipi ni kubwa zaidi.

Siku chache baadaye walirudi dukani wote watatu. Mjomba aliomba radhi kwa maneno yaleyale aliyotumia kutukana, mwizi na kuoza, akiyafuta moja baada ya jingine mbele ya wateja. Chiriku naye akaomba radhi yake. Muuza duka aliwasikiliza, akampa msichana mkono.

"Yamekwisha, mwanangu. Sina kinyongo. Lakini wale waliotoka siku ile hawajarudi, nao wana midomo." Kisha akarudi kupanga filimbi zake.

Jumamosi hiyo watu wa stoo walikutana tena. Spika zilikuwa zimesogezwa mbali na kugeuziwa ukutani, matoazi yamefungwa vitambaa, na mlango uko wazi. Mama alikuwa amesema binti yake anaweza kupiga kwa sauti ndogo, vizibo vikiwa ndani, na yeye mwenyewe akiwa ameketi pale na cherehani yake ya mkono. Fundi pikipiki alipofika alikuwa na vizibo vyake, na hakumtazama mtu.

Kabla hawajaanza mjomba alisimama mbele yao. Sikioni alikuwa na kifaa kidogo cha rangi ya ngozi, ambacho alikuwa bado hajakizoea.

"Nataka niseme jambo," alianza, kisha akaishusha sauti maana ilimshtua mwenyewe. "Mwili ukikupa dalili, usimwulize mtu anayetaka uendelee. Mwulize anayejua. Mwambie mzazi wako, nenda hospitali, hata kama utanyang'anywa unachokipenda. Na mtu mzima akikuambia maumivu ni kukomaa, usimwamini. Hata akiwa mimi. Nilizilaumu nyuzi, nikamlaumu mtu wa watu dukani, ili nisijilaumu mwenyewe. Msifanye hivyo."

Cherehani ya mama ilisimama. Chiriku alikuwa amekwisha kuingiza kizibo kimoja. Cha pili alikishikilia mkononi. Alimsogelea mjomba wake mpaka wakatazamana ana kwa ana, na akasema taratibu, neno kwa neno, kama daktari alivyowafundisha kuzungumza na mtu asiyesikia vizuri.

"Maneno hayo, mjomba, ungeniambia siku ile nilipokuuliza."

Mjomba alisikia kila neno. Aliitikia kwa kichwa, na Chiriku akaingiza kizibo cha pili, akachukua gitaa.