Gormla Afunga Mlangoni pa Abati

Zama zile nchi ya Eire ilikuwa na wafalme wengi kuliko madaraja, na watawa walikuwa wameshakaa huko miaka mia tatu, wakijenga kwa mawe na kuandika kwenye ngozi za ndama. Katika ufalme mmoja mdogo wa magharibi aliishi mwanamke aitwaye Gormla, mtunza nasaba wa ukoo wa Nuada. Kichwani mwake alibeba majina ya mababu thelathini na wawili. Wa kwanza wao alikuwa Nuada mwenyewe, yule aliyekatwa mkono vitani akavuliwa ufalme, maana sheria ya kwao haikumruhusu mwenye kilema kutawala, mpaka mganga alipomfulia mkono wa fedha akarudi kitini. Kwa jina hilo ukoo ulishika Bonde la Almu, kaya arobaini na ng'ombe wao.

Basi wiki ya kuelekea Pasaka akapata habari kwamba Abati Faelan, mkuu wa watawa, ameandika hivi katika kitabu kikubwa cha nasaba: Nuada si mtu, ni mungu wa wapagani, asiye mtu hana uzao, na bonde halina mrithi. Kitabu kingesomwa mbele ya mfalme Jumapili ya Pasaka. Naye Bran, nduguye mfalme, alikuwa ameshapiga kambi mpakani na mikuki sitini, anangoja neno tu.

Gormla alikasirika mno. Miaka yote hiyo watawa hawa wamekunywa maziwa ya bonde na kuota moto wa kuni za bonde. Wamemjia na kalamu zao za manyoya ya bata bukini, "Mama Gormla, hebu tutajie tena hao mababu," naye akawatajia bila hiyana. Leo hii eti ukoo mzima umezaliwa na upepo.

Aliwakuta wanawe wakinoa mikuki. "Wekeni chini," akawaambia. "Mkimwaga damu, Bran atapata sababu anayoitafuta. Nitamfungia Abati."

Kwao kumfungia mtu ilikuwa silaha ya sheria. Aliyedhulumiwa alikaa mlangoni pa mdhalimu bila kula, na aliye ndani naye hakuruhusiwa kutia kitu kinywani mpaka wasikilizane. Aliyekula huku anafungiwa, neno lake lilikufa. Halikupokelewa tena barazani, liwe la mdomo au la maandishi.

Alfajiri ya Ijumaa Kuu Gormla akavaa joho la rangi sita, vazi la cheo chake, akalibana kwa bizimu ya shaba, akaketi kwenye jiwe mbele ya lango la monasteri. Abati akatoka, mtu mrefu, mkavu, nusura acheke.

"Unanifungia mimi? Mama, nimefunga Kwaresima arobaini mimi. Utazimia kabla sijaanza kusikia njaa."

"Kaa ndani ufunge, Baba Abati. Mimi sina haraka."

"Kwani unabishia nini? Kila ng'ombe wakizaa mnammwagia Nuada maziwa ya kwanza pale kilimani. Mtu humwagiwa maziwa?"

"Nanyi mnawasha mishumaa juu ya mifupa ya mtawa wenu wa kwanza. Yeye ni mungu?"

"Yule ni mtakatifu. Usilinganishe." Akageuka akaingia zake.

Mvua ilinyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi. Joho likalowa, midomo ikampasuka. Abati alipitapita uani makusudi, aonekane alivyo mzima, na dharau ile ilimchoma Gormla kuliko njaa. Akawa anawataja mababu kimoyomoyo, mmoja mmoja, akifika mwisho anaanza tena.

Jumapili Mfalme Konall akaja na washauri wake, wakaingia kanisani. Abati akaongoza misa kama alivyoongoza kila Pasaka, wala hakufikiri mara mbili. Milango ilikuwa wazi. Kutoka pale jiweni Gormla alimwona akimega mkate, akila, akinywa kikombe.

Walipotoka, alisimama kwa kushika ukuta. "Mfalme, leo siku ya tatu nimemfungia mtu huyu, naye amekula mbele ya macho yako. Neno lake limekufa, na kitabu chake pia."

Washauri wakatazamana. Uso wa Abati ukamshuka. "Sikula chakula," alisema. "Ule si mkate tena. Ni mwili wa Mungu wangu."

"Mungu wako ana mwili?"

"Alizaliwa na mwanamke. Aliishi, akauawa."

"Ana nasaba?"

Abati hakuweza kukana. Nasaba hiyo aliinakili kwa mkono wake, na mfalme alishaiona. "Imeandikwa," akasema.

"Basi wa kwako ni Mungu na ni mtu, ana mama na ana mababu. Sibishi, hiyo ni imani yako. Mbona wa kwangu akiwa mungu ananyimwa wajukuu? Ama umekula mkate, Baba Abati, ama mungu anaweza kuwa mtu. Chagua."

"Mjibu," alisema mfalme.

Abati hakuchagua. Aliagiza kitabu na kisu, akaikwangua ngozi kwa ghadhabu mpaka karibu itoboke, akaandika upya na kusoma kwa sauti: "Nuada alikuwa mtu, mfalme wa watu. Alikufa vitani kama wafavyo watu, na wazao wake wanashika Bonde la Almu."

"Sikusema alikuwa mtu tu," alisema Gormla.

Abati akamwinamia, akasema chinichini, "Bonde unalitaka, hulitaki?"

Gormla aliifikiria mikuki sitini na kaya arobaini. Alitamani kumtemea mate. "Liache hivyo," akasema.

Jioni hiyo Bran akavunja kambi. Ukoo ukamlaki Gormla kwa vifijo, naye akawanyamazisha kwa ukali. "Mnashangilia nini? Wametuachia shamba, wamemzika mzee wetu."

Kitabu kilidumu kuliko wote waliokuwapo. Waliokisoma baadaye walimkuta humo mfalme aliyekufa, na chini ya jina lake ngozi nyembamba ajabu, wasijue kwa nini.

Lakini wiki ile ile ng'ombe wa bonde walianza kuzaa. Wanawake wakasimama na vibuyu mkononi, wakimtazama Gormla, hawajui kama bado inafaa.

"Kitabu kinasema alikufa," aliwaambia. "Kiacheni kiseme. Leteni maziwa."