Sirandwe Mwenyewe

Angekuwa ameolewa kwa kina Kipchoge au kina Otieno, Jerotich asingeshtuka hata kidogo. Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye geti la nasari wakati wa mapumziko, akajitambulisha kwa mwalimu Winrose kwa jina la ukoo wa mtoto wa Jerotich, akamtazama Jerry akicheza, kisha akaenda zake. Wazee wa kina Otieno wamejaa Nakuru nzima. Lakini huyu alisema anaitwa Sirandwe, na kwa jinsi mtu yeyote alivyojua, kina Sirandwe waliobaki duniani walikuwa Bethwel, mumewe Jerotich, mtoto wao Jerry, na kichanga cha kike ambacho hakikuwa hata kimepewa jina la kwanza.

"Alisema amekuja kuona watoto wake," mwalimu alieleza. "Nikamuuliza, si ni wajukuu? Akasema hapana, ni watoto."

"Anakaaje?"

"Mzee tu. Ako na vumbi la mbao kwa nywele. Na Mama Jerry, sitaki kukudanganya, kichwa chake kilikuwa kimelalia bega, hivi, na hakikunyooka hata akiongea."

Jerotich alifika nyumbani Kiamunyi akamweleza mumewe, na mumewe akafurahi. Hilo ndilo lililomchoma. Bethwel alikuwa mgonjwa wa jina lake. Alikuwa ameliandika kwa herufi nyekundu juu ya duka lake la hardware, akaliandika kwenye tangi la maji na kwenye kikombe chake cha chai. Kila jioni alipekua mtandaoni akitafuta Sirandwe mwingine, akikosa anaringa, kana kwamba uchache huo ni kazi ya mikono yake. Ukimuuliza maana, leo angekwambia ni shujaa, kesho ni mvua ya kwanza, ilitegemea nani amekuja kununua simiti. Ukweli ni kwamba hakujua. Halikuwa jina la Kiluo wala la Kiluhya, na wakwe zake Wakalenjin walilitafuna mdomoni wakalitema. Babu yake alishuka nalo kutoka msitu wa Sachangwan, alikokuwa akipasua mbao za mzungu, na hapo ndipo hadithi ilipokatikia.

"Si unaona tuko na watu wetu mahali?" Bethwel alisema. "Huyo mzee nitamtafuta."

"Mtu anasema watoto wetu ni wake, na wewe unachekelea?"

"Ni vile tu wazee huongea."

Mzee hakuhitaji kutafutwa. Kesho yake mchana, jua likiwa limewaka, chumba cha watoto kilijaa harufu ya mbao za mtarakwa zilizopasuliwa sasa hivi, ingawa nyumba ile ilikuwa ya mawe, dirisha la chuma, kitanda cha chuma. Kichanga kikaanza kulia. Kililia hadi sauti ikakauka, kikakataa ziwa, kikalia tena bila sauti, mdomo wazi. Pasta aliitwa, akaomba kwa nguvu, akakemea jini kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akanywa chai, na alipoinuka kwenda harufu ilikuwa bado imekaa palepale. Jerotich akafua kila kitambaa, akapiga deki kwa dawa mpaka vidole vikachubuka, na kila alipoinua shuka la kitoto alikuta unga mwembamba wa mbao, mwekundu, wenye unyevu, naye akawa anaupangusa huku akisikia chini ya sakafu msumeno ule wa kuvutwa na watu wawili ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, taratibu, ila upande mmoja ukivuta kwa nguvu na mwingine ukichelewa, kama ambaye amechoka au hana tena mikono ya kuvutia, na Jerry amesimama mlangoni anamwangalia, anasema kwa sauti ya chini, "Mama, usifunge mlango. Baba ule mwingine amesema usifunge."

Bethwel alisema ni panya.

Jerotich akachoka kubishana. Alimpigia nyanya yake, Kogo Jepkemei wa Keringet, aje ampe mtoto jina kwa njia ya kwao, kwa maana kichanga kisichoitwa, kwa kina Kogo, huwa kimeachwa wazi kama boma lisilo na lango. Kogo alikuja na ugoro wake. Mama mkwe, Achola, alifika kutoka Subukia, akaketi pembeni na kanga begani. Kogo akamweka mtoto mapajani, akampitishia ugoro puani kidogo tu, akaanza kuwaita marehemu mmoja mmoja. Yule ambaye mtoto angempigia chafya, huyo ndiye aliyerudi, na ndiye angeitwa kwa jina lake. Akawamaliza watu wa upande wa Jerotich. Mtoto alilia tu. Akaja upande wa baba.

"Babu yako alikuwa anaitwa nani?" alimuuliza Bethwel.

"Sirandwe," Bethwel akajibu, kifua mbele.

Mtoto akapiga chafya. Kilio kikakatika. Akatulia, macho wazi, na kichwa kikaenda taratibu kikalalia bega, kikabaki huko.

Achola aliinuka akaingia jikoni. Jerotich akamfuata.

"Mama, unajua kitu."

"Nyathina, mwanangu, wacha hii maneno."

"Siwezi kuacha. Niambie, ama nitamuuliza huyo mzee mwenyewe akija."

Achola akafungulia mfereji maji yapige kelele, kisha akasema akiwa ameelekeza uso kwenye sinki. "Hilo jina si letu. Baba ya mzee wangu alikuwa mtoro, hana kipande, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaa shingoni. Alikuwa anapasua mbao na huyo Sirandwe, wanalala nyumba moja. Mti ukamwangukia mwenzake shingoni. Sirandwe alikuwa na kipande na barua nzuri ya mzungu. Babu akamvua kipande shingoni, akamzika chini ya takataka za mbao, akaenda kuandikwa kazi kwingine na jina lake."

"Akamzika akiwa amekufa?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Mama, alikuwa amekufa?"

"Babu alisema alikuwa bado anamwangalia."

 Hasira ilimpanda Jerotich kuliko woga. "Na ukaniacha nizae, niwape watoto wangu hilo jina."

"Ningemwambia Bethwel aitwe nani? Babu alikufa bila kutaja lake. Hakuna lingine."

Kogo Jepkemei alipoelezwa hakushangaa. Alisema yule mtu alikufa bila mtoto, kwao hakuna aliyejua alikufa, kwa hivyo hakuna kichanga kilichowahi kuitwa kwa ajili yake. Wanaobeba jina lake ndio watoto wake. Sasa amekuja kuwachukua, na mtu hafukuzwi kwa chake. Anarudishiwa.

Wakaenda Sachangwan asubuhi, ukungu umelalia mashamba ya viazi pale ulipokuwa msitu. Kogo aliwasimamisha penye gogo lililooza. Jerry akasema alivyofundishwa, "Jina lako ndilo hili, chukua." Jerotich akasema kwa niaba yake mwenyewe na ya kichanga, na kabla hajamaliza kichwa cha kichanga kilinyooka, kikaanza kutafuta ziwa. Jerotich alilia kwa furaha, hakujizuia. Zamu ya Bethwel ilipofika, aligeuka upande akasogeza midomo.

"Umesema?" Jerotich alimuuliza wakiwa barabarani.

"Watoto wamerudisha, inatosha."

"Bethwel, umesema ama hujasema?"

"Nikiliacha niitwe nani? Vyeti, leseni, duka, kila kitu ni Sirandwe. Wewe uko na kwenu. Mimi niko na nini?"

Jerotich alimsihi mpaka Salgaa, akamgombeza mpaka nyumbani, akamnunia wiki nzima. Ilikuwa kama kuongea na ukuta. Watoto waliandikwa upya kwa jina la babake Jerotich. Kichanga kikawa Jemutai, kikanona. Harufu ikaisha, Jerry akaanza kufunga mlango mwenyewe, na Bethwel akawa anamkumbusha mkewe kila siku kwamba si unaona, hakuna kilichonipata.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Jerotich aliandaa ugali na sukuma. Bethwel alikuwa ameketi sebuleni amempa mgongo.

"Bethwel, njoo ule."

Jerotich akaweka sahani mezani.

"Bethwel."

Aligeuka polepole, kichwa kimelalia bega, kwa adabu ya mgeni ambaye bado hajakaribishwa.

"Bethwel ni nani, mama?"

 Jerry, aliyekuwa akichezea zulia, alikimbia kumkumbatia babake miguuni kama kawaida yake. Yule mtu akamshika kidevu, akamchunguza uso kwa muda mrefu, akamwachilia bila chuki.

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

Jerotich akamvuta Jerry nyuma yake.

"Ni wangu," akasema.

Yule mtu akatikisa kichwa kukubali, akavuta kiti mezani, akaanza kula.