Shubiri Moja Chini ya Sufuria

Kila asubuhi, Guizhi alitazama moshi wa jirani kabla ya kutazama wake. Moshi wa kwake ulikuwa mzito na mweusi. Ulitoka kwenye dohani, ukashuka uani, kisha ukaingia tena mlangoni. Moshi wa ng'ambo ya ukuta ulikuwa mwembamba, tena mweupe, nao ulipanda juu wima.

"Hebu uone," alimwambia mumewe, Deshun. "Hata moshi wake unaringa!"

"Moshi ni moshi tu," Deshun alijibu, akitafuna mkate wa mvuke. "Na hapa kwetu tunao wa kutosha."

Ng'ambo ya ukuta alikaa Yuelian, mke wa mdogo wake Deshun. Wanawake hawa wawili walikuwa na ukuta mmoja na mama mkwe mmoja. Huyo mama mkwe, Bibi Cao, ndiye aliyekuwa chanzo cha donge lote. Katika kijiji chao cha Shiwan, katika jimbo la baridi la Gansu, mama mjane hukaa na mwanawe wa kwanza. Bibi Cao alikuwa amekaa na Deshun na Guizhi miaka kumi na miwili. Kisha, wakati wa mavuno, Yuelian akajengewa jiko jipya. Hazikupita siku tatu, bibi akakunja godoro lake, akalitia kwapani, akahamia ng'ambo ya ukuta.

"Sikukimbii wewe, mwanangu," alimwambia Guizhi huku akikohoa. "Nafuata kitanda tu. Chako kinanitoa machozi, na bado mgongo wangu unaganda."

Shiwan nzima hulala juu ya vitanda vya matofali. Moshi wa jiko hupita chini ya kitanda, ukakipasha joto, ndipo hutoka nje. Jiko likiwa bovu, kitanda nacho ni barafu. Guizhi alilijua hilo. Lakini kulijua jambo ni kimoja, na kulikubali mbele ya Yuelian ni kingine.

Kisimani wanawake walimngoja kwa hamu.

"Guizhi, tumesikia mama kahama. Mmegombana?"

"Nani kahama? Kaenda kutembea tu."

"Kutembea na godoro?"

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Guizhi alirudi nyumbani roho inamuuma. Mwaka Mpya ulibakiza mwezi mmoja. Siku ya mkesha, mama hukaa mbele ya meza nyumbani kwa mwana wa kwanza, na ukoo wote huja hapo. Bibi Cao asiporudi kabla ya siku hiyo, meza ya Guizhi ingekuwa tupu, na watu wangesema kamfukuza mama wa watu.

Kibaya zaidi, Yuelian alikuwa amebandika cheti chekundu mlangoni. Kiliandikwa: *Nyumba hii imefikia lengo la kuokoa kuni.* Guizhi alikisoma kila alipopita, ingawa alijifanya anatazama kuku.

Yuelian hakuwa mtu mbaya. Siku moja alichungulia juu ya ukuta.

"Dada, mwite Fundi Shao na wewe akujengee. Hatozi kitu. Ni mpango wa serikali, nchi nzima."

"Mimi niletewe fundi?" Guizhi alisema. "Mdogo wangu, nimeanza kuwasha jiko wewe hujui hata kukanda unga. Usinifundishe."

"Haya, dada. Nilisema tu."

"Basi umeshasema."

Lakini kijicho hakimwachi mtu atulie. Kesho yake Yuelian alipokwenda kisimani, Guizhi aliingia jikoni kwake kwa kunyata. Mkononi alikuwa na uzi wa kushonea viatu. Alipima urefu wa jiko, akafunga fundo. Alipima upana, akafunga fundo. Alipima mdomo wa kutilia kuni, akafunga fundo la tatu. Kisha akatoka mbio.

Jiko lake la zamani lilikuwa chini ya picha ya Babu wa Jiko. Wazee husema babu huyo huona kila linalotendeka nyumbani. Tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa mwisho, hupanda mbinguni kutoa habari. Mpaka siku hiyo, jiko lake halivunjwi. Guizhi hakuweza kungoja. Alivua aproni yake, akamfunika Babu uso.

"Fumba macho kidogo tu, Babu," alisema. Kisha akapiga nyundo.

Alijenga siku mbili kwa kufuata mafundo ya uzi. Ila aliona haya kulingana sawa na Yuelian. Yeye ni mke wa mwana wa kwanza, bwana! Basi kila upande akaongeza tofali moja. Jiko likawa refu kuliko la Yuelian, pana kuliko la Yuelian, na mdomo wake ungemeza mbuzi.

Deshun alisimama mlangoni akajikuna kichwa. "Mke wangu, umejenga jiko au zizi?"

"Wewe ngoja. Mama atarudi mwenyewe."

Jiko lilipokauka, Guizhi akampelekea habari Fundi Shao. Fundi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alifika na baiskeli yake, nyuma amefunga mizani na kipimajoto. Majirani nao walikuja, maana Shiwan hakuna kitu kinachopimwa bila watazamaji. Yuelian alikuja. Bibi Cao naye alikuja, amejifunga koti la pamba.

"Sheria ni moja kwa wote," Fundi Shao alisema. "Kilo moja ya mabua makavu ya mahindi. Lita nane za maji baridi. Maji yakichemka kabla mabua hayajaisha, umefaulu."

"La Yuelian lilichemsha?" Guizhi aliuliza.

"Lilichemsha, na konzi mbili za mabua zikabaki."

"La kwangu litabakiza nne," Guizhi alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Aliwasha. Moto ulinguruma mdomoni mwa jiko, ukalamba ukuta, ukatoka nje kumtafuta mwenyewe. Watu waliruka nyuma. Mabua yaliisha upesi. Fundi Shao alitia kipimajoto ndani ya sufuria. Akakitazama, akakitazama tena. Kisha akatia kidole.

"Vuguvugu," alisema. "Unaweza kumwogeshea mtoto."

Watu waliangua kicheko. Bibi Cao alianza kukohoa, akatoka nje akijipangusa macho. Guizhi alimwona akivuka uani kuelekea kwa Yuelian. Hapo donge lililomkaa kooni tangu mavuno likapasuka.

"Haiwezekani!" alipiga kelele. "Nimelipima! Nimelipima la kwake lote kwa uzi, na langu nimelizidisha!"

Yuelian alisogea mbele ya watu.

"Umelipima lini, dada?" Yuelian aliuliza taratibu.

Guizhi aliinamisha kichwa. "Ulipokwenda kisimani."

Safari hii hata Deshun alicheka. Fundi Shao tu ndiye hakucheka. Alingoja jivu lipoe, akakunja mkono wa koti lake.

"Ulipima nje au ndani?"

"Nje."

"Leta mkono wako." Fundi alimshika mkono, akauingiza ndani ya jiko mpaka begani. "Gusa chini, palipo na jivu. Sasa gusa juu, kwenye tako la sufuria. Kuna umbali gani?"

"Mkono mzima," Guizhi alisema.

"Hapo ndipo kosa lilipo. Sufuria imekaa huko juu, moto uko huku chini. Watakutana lini? Inatakiwa shubiri moja tu. Sasa sogeza mkono nyuma. Unaona tundu la kupelekea moshi kitandani? Bakuli linapita hapo. Moto unaingia mlangoni na kutokea dirishani, hata salamu haumpi mtu. Moshi ukienda mbio hivyo, hauachi joto kitandani. Na mdomo huu mpana unaingiza baridi ya Gansu nzima."

"Lakini kubwa si ndiyo bora?"

"Dada yangu, kubwa ni la kutazamwa. Sisi tunataka la kupika."

Fundi alikaa juu ya rundo la mabua, akawageukia wote. Alichukua mabua kumi, akayapanga chini.

"Jiko la zamani, ukichoma mabua kumi, joto la mabua tisa linapotea. Bua moja tu ndilo linalopika. Serikali imeweka lengo: kila jiko jipya nchini lipike kwa mabua mawili kati ya kumi, au zaidi."

"Mawili tu?" Deshun alisema. "Ndiyo kelele yote hii?"

"Mawili ni mara mbili ya moja, bwana. Maana yake mzigo ulioupikia siku moja, sasa utaupikia siku mbili. Uko peke yako nchini? Kuna majiko mangapi? Kila nyumba ikipoteza mabua tisa, milima inabaki vipara kama mlivyoiona, na punda analala njaa, maana chakula chake kimechomwa. Lengo la taifa halifikiwi kwa hotuba mjini. Linafikiwa humu, kwenye jivu."

Deshun alitazama kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba. Alipokuwa mtoto kilikuwa na miti.

Tarehe ishirini na tatu ilifika. Guizhi aliondoa aproni usoni pa Babu wa Jiko. Desturi ni kumpaka sukari ya kunata mdomoni, ili akaseme matamu huko juu. Guizhi alimpaka mara tatu.

"Ya uzi usiyataje," alimnong'oneza. Kisha akaichoma picha, Babu akaenda zake, na jiko likawa halina mwenyewe wa kukasirika.

Alikuwa ameshika nyundo Yuelian alipoingia, mikono ya nguo ameikunja.

"Nimekuja kukanda udongo."

"Umekuja kunicheka."

"Nitakucheka huku nakanda."

Walifanya kazi wote wawili, na Fundi Shao akiwaelekeza. Walijenga mdomo mdogo, wenye mfuniko wa bati. Chini waliweka chuma chenye matundu, ili jivu lianguke na hewa ipande. Kutoka hapo mpaka kwenye tako la sufuria waliacha shubiri moja, na Guizhi aliipima kwa kiganja chake mwenyewe, ndani. Tundu la nyuma walilibana na kulitilia kizingiti, ili moto uzunguke sufuria kwanza ndipo uende kitandani.

"Na mabua uyakate mafupi, yawe makavu," Fundi alisema. "Tia kidogo kidogo. Jiko zuri ukililisha kama nguruwe, litakuwa bovu tu."

Yuelian aliongeza maji kwenye udongo. Halafu akasema, "Dada, unajua kwangu mama anasemaje kila nikipika tambi?"

"Anasemaje?"

"'Guizhi angezikata nyembamba zaidi.' Mchana, Guizhi. Jioni, Guizhi. Ananimaliza! Jiko langu, kitanda changu, na bado sifa ni zako. Naona gere mpaka usingizi unanipaa."

Guizhi aliacha kukanda. "Wewe? Unanionea gere mimi?"

"Sana."

Guizhi hakukumbuka kusikia habari tamu namna ile tangu mavuno. Alicheka mpaka akakaa chini, udongo mikononi.

Siku ya mtihani wa pili, maji yalichemka na konzi mbili za mabua zikabaki, sawa na za Yuelian. Fundi Shao alibandika cheti chekundu mlangoni. Jioni hiyo hiyo Bibi Cao alikuja, akaweka mkono kitandani. Akaugeuza mkono, akaweka upande wa pili. Akavuta pumzi ndefu, na hakukohoa.

"Deshun," alisema, "kaniletee godoro langu."

Mkesha wa Mwaka Mpya, bibi alikaa mbele ya meza, mahali pake. Uani rundo la mabua lilikuwa bado limefika kiunoni. Miaka mingine, siku kama hiyo, huwa wameshaanza kuchoma samadi jikoni kwa kukosa mabua. Punda alikuwa anatafuna.

Guizhi alitoka kutazama moshi. Ilikuwa mistari miwili myembamba, inapanda sawasawa. Wake ulikuwa mwembamba zaidi kidogo. Au ndivyo alivyotaka kuuona.

Aliporudi jikoni, alimkuta Yuelian ameinama juu ya ubao wa tambi. Alikuwa na uzi mkononi, anapima upana wa tambi, na fundo la kwanza ameshalifunga.

"Masalale!" Guizhi alisema. "Mwizi!"

Yuelian aliruka, akaficha uzi nyuma.

"Hebu uweke huo uzi," Guizhi alisema. Alimshika mkono, akautia ndani ya bakuli la unga uliokandwa mpaka kwenye kifundo. "Hivi. Tambi huanzia hapa, kwenye unga. Pima ndani."