Kengele ya Solange

Yaliyompata rafiki yangu Mahoro, mwanamke mfugaji wa kule Kingi, yeye hapendi kuyasimulia. Mdogo wake Solange alipopasuliwa tumbo, hospitali iliwakataza ndugu kulala naye. Mahoro akaifungua kengele shingoni mwa ng'ombe wao, akaitundika juu ya kitanda, akampa mgonjwa kamba yake aivute akizidiwa.

"Uende tu, dada," akasema muuguzi Agathe, akimshika mkono. "Ikilia tu, niko hapa."

Kesho yake mchana Mahoro alirudi na maziwa. Ukungu ulikuwa umefunika njia. Kutoka barabarani akaisikia kengele ikilia bila kupumzika, akakimbia hata maziwa yakamwagika. Chumbani mlikuwa na giza, umeme umekatika. Alipogusa kitanda tu, kengele ikanyamaza.

Solange alikuwa wa baridi, amekakamaa, kamba ingali mkononi. Mahoro akaitikisa kengele. Haikutoa sauti. Ndani mlikuwa na pamba ya hospitali, imeshindiliwa na kufungwa kwa plasta.

"Nani alifanya hivi?"

Agathe alikuwa amesimama nje ya mlango. "Mimi. Ilikuwa inalia usiku muzima, bagonjwa bengine bakashindwa kulala. Nilisema asubuhi nitaitoa."

"Lakini nimeisikia sasa hivi!"

"Hata siye tunaisikia, dada," Agathe akasema, bila kuvuka kizingiti. "Tangu asubuhi. Njo maana hakuna mwenye ameingia."