Nyumba Iliyosogea Kwenye Shayiri

Jioni ile Enid Marfleet alipanda baiskeli kwenda kwa baba yake akiwa na vitu viwili kikapuni: pai ya nyama ya nguruwe, na bahasha ya picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Pai ilikuwa ya baba. Picha zilikuwa zimemnyima usingizi tangu Jumatatu.

Ilikuwa Julai ya mwaka sabini na sita, na Lincolnshire, huko Uingereza, ilikuwa haijawahi kuona ukame wa namna ile. Kwa ofisi ya Enid, iliyotafuta mabaki ya kale, ukame ulikuwa neema. Udongo uliowahi kuchimbwa hutunza maji, na shayiri iliyoota juu yake hubaki kijani wakati jirani zake zinanyauka. Ukiwa angani, unaona mashimo ya nyumba za Wasaksoni, wakazi wa kale waliojenga juu ya mashimo, yamejichora shambani, ingawa zilibomoka zaidi ya miaka elfu iliyopita. Kazi ya Enid ilikuwa kuyatambua mashimo hayo, kuyapa namba na kuyachora kwenye ramani. Alikuwa hodari, na hakuhitaji kuambiwa.

Katika shamba la baba yake, ambalo tangu enzi za mababu liliitwa Shamba la Baridi, kulikuwa na nyumba moja ya namna hiyo.

Picha za baada ya Vita vya Pili vya Dunia ziliionyesha kwenye kona ya mbali, chini ya mwaloni. Za mwaka jana ziliionyesha katikati ya shamba. Za wiki iliyopita... hatua sitini kutoka mlango wa jiko.

Mwanzoni alidhani amekosea kupima. Akaweka picha mbili zilizofuatana chini ya ile miwani ya ofisini yenye miguu, inayofanya ardhi iinuke mbele ya macho. Miti ilisimama vizuri. Nyumba ile peke yake ilizama kama kisima. Watu wa kazi hiyo wanajua maana yake: kitu huzama au kuelea hivyo kikiwa kimesogea kati ya picha ya kwanza na ya pili. Ng'ombe hufanya hivyo. Magari hufanya hivyo.

Shimo, je?

Alimkuta Mzee Wilfred ameketi mbele ya meko yaliyozibwa kwa matofali, amejifunika blanketi, fimbo yake kando.

"Baba, joto lote hili na blanketi? Watu watasema umerukwa na akili."

"Waache waseme. Hawalali humu." Mzee alikohoa. "Hilo jiko lako la umeme linaivisha viazi, Enid. Halipashi mtu."

"Usianze. Uliungua mkono. Nilitaka uungue mwili mzima?"

Miaka miwili nyuma, Enid ndiye aliyemleta fundi akaziba meko. Na viberiti vyote akavichukua. Alijiona binti mwema.

Alitandaza picha mezani. Mzee hakuvaa hata miwani. Aliweka kidole kwenye kona, chini ya mwaloni, kabla hajaonyeshwa.

"Walikuwa hapa."

"Akina nani?"

"Bibi yangu hakuwataja. Kila mwaka kabla ya mavuno, beleshi moja la makaa ya moto kutoka meko yetu. Unamwaga pale, unarudi bila kugeuka. Alisema walifungiwa ndani wakati wa ugonjwa. Waliomba moto mpaka wakafa, na majirani wakaogopa kuwapelekea. Tangu uzibe meko, hawajapata kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma.

"Natoka nikapime kwa miguu," alisema. "Jua limeinama, vivuli vitaonyesha kila kitu."

"Mwanangu, usitoke."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Enid hakuwa mtu wa kuzuiwa na methali. Alitoka kwa mlango wa jiko akihesabu hatua. Alitarajia sitini, kumbe alianza kukanyaga kijani kwenye hatua ya kumi na mbili.

Kumi na mbili tu.

Shayiri ilikuwa mbichi, imelowa. Harufu ya majivu ya zamani ikampanda puani. Alipopumua, pumzi yake ilitoa mvuke. Mwezi wa Julai!

Chini ya nyayo zake kitu kikagonga.

Ngo... ngo...

Alikimbia. Alijifungia ndani, akashikilia komeo kwa mikono miwili. Ukimya. Kisha mlango ukagongwa, chini kabisa, usawa wa goti.

Ngo... ngo... ngo...

"Una kiberiti?" baba alinong'ona.

"Sina, Baba. Sina!"

Enid alichukua nyundo, akaanza kuyavunja matofali ya meko huku akilia. Tofali moja likaanguka. La pili. Nyuma ya matofali palikuwa na jivu baridi tu, na alijua hivyo tangu alipoinua nyundo.

"Wasipopata moto watachukua joto lililopo," Mzee alisema taratibu. "Lako bado jipya."

Enid alisikia komeo likifunguliwa. Alipogeuka, blanketi lilikuwa kwenye kiti na mlango uko wazi.

"Baba!"

Alimkuta ameketi ndani ya kile kijani, fimbo magotini. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu.

Daktari aliandika kuwa ni moyo. Lakini uani alimvuta Enid pembeni. "Binti, nimewahi kupokea wachungaji wa kondoo waliofukuliwa kwenye theluji. Baba yako amekufa kwa baridi. Usiniulize zaidi."

Enid alihamia pale na kuyafungua meko. Kila mwaka kabla ya mavuno hubeba makaa hadi mwalonini. Picha zilizofuata zilionyesha nyumba imerudi kwenye kona yake, imetulia, haizami. Ila ubavuni mwake kuna nyingine ndogo, mpya, ambayo hajaipa namba wala kuichora kwenye ramani yoyote. Mlangoni pake kuna kivuli kirefu cha mtu aliyeegemea fimbo. Mtu mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo hupeleka mabeleshi mawili. La pili hulimwaga polepole, kisha huondoka akiangalia mbele. Na kila mwaka, nyuma yake, mtu hukohoa. Na kila mwaka, kutogeuka kunamshinda zaidi kidogo.