Inawaka, Haioneshi

Fundi Bisibisi alikuwa na kichekesho chake, na mtaa mzima ulikijua: hafungui kompyuta ya mtu kabla hajaigonga mara mbili ubavuni na kusema, "Hodi." Siku hiyo, saa nane mchana, aliigonga kompyuta ya kaka yake kama kawaida, na sauti ndogo ikamjibu, "Karibu."

Akamgeukia fundi viatu wa kibanda cha jirani. "Acha utani, bwana."

Fundi viatu alitikisa kichwa tu. Alikuwa amebana misumari mdomoni, na mdomo wa namna ile hausemi karibu. Bisibisi akacheka peke yake na kufungua kava.

Kompyuta ile kaka yake aliileta mwenyewe asubuhi, ameikumbatia kifuani, akaitua mezani na kukataa hata kukaa. "Inawaka, haioneshi kitu," alisema. "Ifungue wewe, mdogo wangu. Asiiguse mtu mwingine." Bisibisi alifurahi kuaminiwa. Tangu binti wa kaka apofuke ghafla, miezi mitatu nyuma, nyumba ile ilikuwa imenuna, na ndugu hawa walikuwa wakipeana salamu za juu juu tu. Alimkumbuka sana yule mtoto, aliyezoea kuja kibandani jioni, kumgonga baba yake mdogo mara mbili mgongoni na kupiga kelele, "Hodi!"

Akaiwasha. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, ukasikika ule mlio mmoja mfupi wa kusema kila kitu kizima. Monita nyeusi tii. Akabadilisha waya. Akaleta monita yake mwenyewe. Akachomoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, akavisugua meno ya dhahabu kwa raba, akavirudisha. Akang'oa hata ile betri ndogo ya kwenye ubao. Wapi!

Ndipo alipoisikia harufu ya udi, nzito, ikitoka pale kwenye feni, na alipouchomoa waya wa umeme ukutani feni haikusimama, iliendelea kuzunguka taratibu na kuvuma kama mtu anayepumua usingizini, na ndani ya kile kioo cheusi sura yake mwenyewe ilikuwa ikimtazama ilhali yeye alikuwa ameshainamisha kichwa, na kiza kikaanza kumwingia kwenye pembe za macho, kikasogea katikati kidogo kidogo, hadi meza ikapotea, vidole vyake vikapotea, na mchana wote ukamzimikia.

Simu ikalia. Akaipapasa, akapokea.

"Umeshapiga hodi?" Kaka yake alikuwa akinong'ona.

"Nimepiga. Kaka, sioni. Sioni kitu!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikusamehe nini?"

"Ni jini. Alikuwa kwenye macho ya mtoto. Mganga alisema huyu hafukuzwi, huhamishwa tu. Tumfungie kwenye chombo, apatikane mtu wa damu yetu apige hodi, na jini aitikie na kumhamia. Nikafikiria, nani duniani anapigia hodi kompyuta? Ni wewe peke yako."

Moyo wa Bisibisi ulimuuma kuliko macho. Kichekesho chake, ambacho kaka huyo huyo alikuwa akikicheka hadi machozi, ndicho kilichopimwa, kikahesabiwa, kikategewa.

"Ungeniambia," alisema. "Kwa ajili ya yule mtoto ningepiga hodi nikijua. Ungeniomba tu, kaka."

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ukaniuza."

"Anaona, mdogo wangu! Ameona mkono wake, ameona dirisha. Hashikiki kwa furaha. Ametoka mbio sasa hivi, anakuja kukuonesha..."

"Kwangu?" Bisibisi aliruka, kiti kikaanguka. "Mzuie! Si mtu wa damu yetu? Si atapiga hodi?"

Upande wa pili simu ilidondoka, na miguu ya kaka yake ikasikika ikikimbia.

Bisibisi alijaribu kuufunga mlango lakini hakujua tena mlango uko upande gani, akagonga meza, akaangusha bisibisi zake zote, akageuka na kugeuka huku ile harufu ya udi sasa ikimtoka yeye mwenyewe puani, na akasikia viatu vidogo vikija mbio barabarani, fundi viatu akishangilia, "Mwanangu, unaona!", naye akataka kupiga kelele, "Rudi!" lakini koo halikuwa lake tena, basi akaubana mdomo kwa mikono yote miwili na kusaga meno.

Vidole viwili vikamgonga mgongoni. Mara moja. Mara ya pili.

"Hodi, baba mdogo!"

Hakufungua mdomo. Sauti ndogo ilitoka kifuani mwake, kwa upole: "Karibu."

Mchana ukamrudia wote kwa mpigo. Aliona meza, aliona monita ikiwaka buluu, na alimwona binti wa kaka yake akipapasa hewani kutafuta shati lake.

"Baba mdogo," mtoto alinong'ona, "umeme umekatika?"