Nyavu za Rukala

Otiende alimpata Euphrasia kwa rula. Ndiyo, rula. Soko la Busia lilikuwa limefurika, Waganda wanaita wateja huku, Wakenya wanabishana bei kule, na huyu kijana wa shati la bluu lililopigwa pasi, gambuti miguuni, akainama juu ya beseni la Euphrasia na kuanza kupima samaki wake, ngege.

“Dada, huyu bado mtoto. Hakufaa kuvuliwa.”

“Basi mwambie arudi kwa mama yake,” Euphrasia alijibu, akijifunga leso upya kiunoni. “Unanunua ama unapima tu?”

“Leo napima. Kesho nitanunua, ukinipa namba.”

Akacheka, namba akatoa. Mwanamke akishacheka, mengine ni hadithi.

Otiende alikuwa afisa wa uvuvi, analinda mazalio ya samaki kando ya kisiwa mbele ya Osieko. Kila Jumatano alikuja mjini, wakala ugali na mrenda, wakataniana. Baada ya miezi minane akasema Jumamosi anataka kuja kwao, aongee na wazee. Hapo ndipo shaka ikamkaba Euphrasia. Mbona mara mbili sasa, wakishaongea tu, nyavu za wavuvi wanaomuuzia samaki zinakamatwa Osieko? Na zile simu: “Mpenzi, umeamkaje? Samaki wa leo wametoka wapi?” Alimpenda yeye, ama alipenda habari zake? Angeolewaje na mtu anayemgeuza mpelelezi wa watu wake?

Akaamua kumtega. Alhamisi akampigia.

“Babe, nikwambie kitu, lakini kiishie hapo. Kuna nyavu za macho madogo, zile haramu, zimefichwa kijijini Rukala, kwa nyumba ya nyanya yangu.”

“Una hakika?”

“Kabisa.”

Uongo mtupu. Nyumba ile ilihamwa tangu mafuriko, hata kuku hakai humo. Maafisa wakienda, Otiende ananitumia kupata habari na ndoa hakuna. Wasipoenda, karibu nyumbani.

Ijumaa asubuhi mama yake akapiga. “Bwire ameshikwa. Wamemkuta Rukala, kwa nyanya yenu, na nyavu sita.”

Bwire, ndugu yake wa pekee, aliyeapa ameacha ziwa anaendesha boda. Euphrasia akakaa kwenye maji ya samaki na kitenge chake kizuri. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Saa sita Otiende akafika sokoni, suruali imejaa tope.

“Ni wewe?” Euphrasia akauliza.

“Ni mimi.” Hakuinamisha macho. “Zile za Osieko sikuzijua kwako, wavuvi wenyewe ndio walisema. Hizi uliniambia wewe. Nyavu hizo zinazoa hadi vifaranga vya samaki, Frasia. Ningenyamaza, kesho watu wangevua nini?”

“Nilikuwa nakujaribu.”

“Na mimi nilidhani unaniamini.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Alikuwa amemshuku mkweli, akamwamini mwongo wa nyumbani.

Simu ya mama ikaingia tena, lakini sauti ilikuwa ya Bwire, kutoka kituoni alikoenda mama kumwona. “Dada, nani alisema? Nitajie jina tu.”

Otiende alisimama palepale, anasikia kila neno. Jina lake lilikuwa jepesi kutaja.

“Ni mimi, Bwire,” Euphrasia akasema.

Simu ikakatwa. Akafuta uso kwa leso, akamgeukia Otiende.

“Kesho usije. Kwanza nijue kama mimi mwenyewe nitafunguliwa mlango kwetu.”